Kampuni ya mawakili, serikalini, mwanasheria wa taasisi au ofisi yako mwenyewe: ipi inakaa vizuri na watoto?

Mdogo wangu mmoja aliyeapishwa uwakili juzi juzi tu kanitumia meseji saa nne usiku: "Shikamoo dada, nina ofa mbili mkononi na mtoto wa miezi kumi mgongoni, nichukue ipi?" Ofa ya kwanza ni kampuni ya mawakili ya Posta hapa Dar, zile za maghorofa ya vioo, mshahara umenyooka. Ya pili ni uanasheria kwenye taasisi moja ya fedha, hela imepungua kama robo hivi. Nikaanza kumjibu kwa voisi noti ikafika dakika kumi na moja nikaifuta, nikasema ngoja niandike, maana hili swali naulizwa kila Law School, wanakopikwa mawakili, ikitoa kundi jipya, na siku hizi hata wanaume wanauliza kitu ambacho enzi zetu hakikuwepo kabisa.

Mi nimepita sehemu tatu. Kampuni ya mawakili miaka minne, mwanasheria wa taasisi miaka mitatu, na sasaivi nina ofisi yangu Sinza, chumba kimoja na karani mmoja na printa ambayo inajua kabisa siku ya kufaili na siku hiyo ndio inagoma. Serikalini sijafanya ila mume wangu ni wakili wa serikali, kwahiyo serikalini naijua kwa upande wa jikoni. Watoto wawili, mmoja darasa la nne na mwingine chekechea.

Kabla sijalinganisha niseme kitu ambacho watu wengi wanakosea: wanalinganisha masaa. "Kule natoka saa kumi na moja, huku natoka saa mbili usiku." Masaa unazoea, dada wa kazi anazoea, hata mtoto anazoea kwamba mama anarudi taarifa ya habari ikianza. Kinachovunja nyumba ni tarehe, yaani nani anapanga tarehe zako na unaambiwa mapema kiasi gani. Siku nyingi nimekaa ofisini mpaka usiku na nyumbani hakuna aliyelia, ila kuambiwa Ijumaa jioni kwamba Jumatatu asubuhi unatakiwa Mwanza, hapo ndio kila kitu kinaanguka, ugali mpaka kikao cha wazazi.

Masaa basi tuyamalize haraka

Serikalini kwa makaratasi ni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Kwenye taasisi na kampuni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku, ovataimu isizidi masaa 50 kwenye mzunguko wa wiki nne na ilipwe mara moja na nusu. Sasa mwanasheria anayekwenda taasisi asome vizuri hapo, kwasababu sehemu hiyo ya masaa haimhusu mtu anayesimamia wafanyakazi wengine na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Maana yake ukipandishwa cheo ukawa mkuu wa kitengo cha sheria, ovataimu imekwenda na maji. Watu wanashangilia cheo halafu wanakuja kushangaa mwezi wa pili.

Kwenye kampuni ya mawakili hata hiyo sheria inakuhusu, wewe ni mwajiriwa kama wengine, ila hebu fikiria wewe wakili mchanga unamdai ovataimu wakili mkongwe aliyekufundisha kuandika hati ya madai. Utaanzia wapi. Halafu wateja wa kule wengine wako London au New York, wao wanaanza kazi wewe unachambua mchele, na imeli ya saa nne usiku bosi anataka iwe imejibiwa akiamka.

Ofisi yako haina masaa. Tangu mahakama ziende kwenye mfumo wa kielektroniki unafaili ukiwa popote, unaomba kontrol namba unalipia kwa simu. Zamani nilikuwa nakimbizana na dirisha la masjala lisifungwe, sasa nafaili meza ya chakula watoto wamelala. Faida kubwa, na balaa kubwa vilevile, kwasababu siku ilikuwa inaisha dirisha likifungwa na sasa dirisha halifungwi. Utetezi wa madai una siku 21 tu toka mdaiwa apate wito, na wateja wetu unawajua, anakaa na wito kwenye droo siku 17 anakuletea ya 18.

Mtoto kaamka na homa, na leo kuna kesi

Hapa ndio penyewe, nitakaa kidogo.

Mwaka wa kwanza wa ofisi yangu, saa kumi alfajiri mdogo kaamka anachemka, kipimajoto kinasoma 39. Saa tatu nina kesi ya ardhi ya kusikilizwa na mashahidi wawili wazee wametoka Ifakara, wamelala gesti Manzese kwa hela ya mteja. Dada wa kazi kaenda kwao msiba. Baba watoto wakati huo yuko Tabora. Nimeshika simu nawaza, nimpigie msomi mwenzangu, yaani wakili mwenzangu, anishikie brifu, asimame mahakamani badala yangu? Sawa, ila wa kushika brifu kwa dharura hivyo hajui faili, ataomba ahirisho tu, na kesi yenyewe ilikuwa ya muda mrefu, mahakama zinazibana hizo zisiendelee kulundikana na jaji alishasema wazi kwamba ahirisho la mwisho ni lile lililopita. Wazee warudi Ifakara halafu warudi tena? Nikamgongea jirani, mama mtu mzima, kanifungulia na kanga ya usingizini nikampa mtoto, kadi ya bima na elfu ishirini, nikaoga maji ya ndoo nikaondoka na joho kwenye mfuko wa rambo. Njia nzima naona uso wa mtoto.

Kufika, karani anatoka: jaji kapata udhuru, kesi inaahirishwa wiki tatu.

Nilikaa kwenye lile benchi la nje nikacheka, mashahidi wangu wanadhani nimechanganyikiwa. Mtoto kumbe mafindofindo, malaria hakuna, jirani kashampa dawa anakunywa uji.

Sasa siku hiyohiyo ungekuwa sehemu nyingine? Kwenye taasisi ningetuma meseji ya mistari miwili, "mtoto anaumwa leo nafanyia kazi nyumbani", kwisha, mkataba unaopitiwa leo unaweza ukapitiwa kesho. Kwenye kampuni ya mawakili, na hapa niwatendee haki maana nimewasema sana, kuna mwenzako mnayeshika naye faili. Anajua mashahidi, ameshiriki kuandaa, anaingia anasimama na kesi inaendelea. Nilipokuwa kule sijawahi kukosa mtu wa kunishikia, bosi atanuna wiki nzima ila kesi haifi. Serikalini hivyo hivyo, faili linakuwa na mawakili zaidi ya mmoja. Aliye peke yake peke yake kweli ni mwenye ofisi yake, huyu ambaye wote mnasema "umejiajiri, una uhuru".

Nilichojifunza siku ile ni kitu kidogo sana. Mimi na wasomi wenzangu wawili, mmoja ana watoto mwingine anamuuguza mama yake, kila Jumapili jioni tunatumiana tarehe za wiki na kila faili la kusikilizwa tunaandikiana ukurasa mmoja: mashahidi ni nani, tumefikia wapi, hakimu hapendi nini. Akikushikia brifu sasa anashika kweli, haendi kuomba ahirisho tu. Hela hatulipani, tunadaiana siku. Mpaka sasa mi nadaiwa siku mbili.

Mahakama mtandao nayo imesaidia, ile ya kusikiliza kwa video iliyoshika kasi kuanzia 2020. Kesi ya kutajwa tu, ile ya kupangiwa tarehe bila kusikilizwa, haina haja ya kukaa foleni masaa mawili kwa shughuli ya dakika nne. Ila nyumba ya watoto ni nyumba ya watoto. Niko na joho, bendi shingoni, kile kitambaa cheupe cha mawakili, chini nimevaa dera, namwambia mheshimiwa kwamba upande wa waleta maombi tuko tayari, na kutoka chooni sauti ya mdogo inakuja safi kabisa, "Mamaaa, nimemalizaaa!" Kimya. Mheshimiwa akasema, "Wakili msomi, nadhani unaitwa." Kwenye taasisi ingekuwa ni kikao cha kawaida mnacheka mnaendelea, mi ile kesi nikikutana na wakili wa upande wa pili mpaka leo ananisalimia "umemaliza?"

Uzazi

Hili liko wazi kuliko yote. Mwajiriwa, awe wa taasisi, kampuni au serikali, ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, mapacha siku 100. Mtaarifu mwajiri miezi mitatu kabla kwa maandishi na cheti cha daktari. Ukirudi una haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na hili la kunyonyesha nashangaa wanasheria wenyewe hawalidai, wanamwandikia mteja barua ya kurasa tatu kuhusu haki za mfanyakazi huku wao wanakamua maziwa kwenye choo cha ofisi. Baba ana siku 3, na azichukue ndani ya siku 7 za mtoto kuzaliwa. Wenzetu Kenya baba ana wiki mbili. Zetu tatu, yaani unazitumia kutafuta pempas na kupokea wakwe basi zimeisha.

Mwenye ofisi yake ana siku sifuri. Wa kwanza nilimzaa nikiwa nimeajiriwa, nikakaa siku 84 zangu nikanenepa vizuri. Wa pili nilimzaa na ofisi yangu, siku ya 24 nilikuwa mahakamani na blauzi mbili, moja ya akiba kwasababu maziwa hayajui ratiba ya mahakama. Kama unapanga kuzaa na unapanga kufungua ofisi, tafadhali panga lipi linaanza.

Hela, na ule mwezi wa kwanza

Watu wanasema mwenye ofisi ana hela. Ana hela kwa vipindi. Mahakama Kuu inakwenda likizo kuanzia tarehe 15 Desemba mpaka 31 Januari, zinabaki za dharura. Kwa familia hii ni zawadi kubwa ambayo mwanasheria wa taasisi haipati, kwasababu inagongana na likizo ya shule, unawapeleka watoto kijijini bila kuomba ruhusa kwa mtu, mi kila mwaka tunakwenda Moshi wiki mbili na simu naiacha chaji iishe. Ila kesi zisipotembea na wateja hawalipi, wanakuambia "si mahakama imefungwa wakili?" Halafu Januari hiyohiyo shule inataka ada, sare, madaftari, leseni ya uwakili inataka kuhuishwa, na mwenye nyumba wa ofisi naye anataka miezi sita. Mwaka wa kwanza nilikopa kwenye kikoba. Sasa kila ada ya uwakili inayoingia toka Julai natoa sehemu naiweka pembeni haiguswi, bila hivyo usifungue ofisi ukiwa na mtoto wa shule.

Mwajiriwa mshahara wake unaingia Januari kama kawaida, kwa unyonge lakini unaingia. Na bima: mtumishi wa umma kadi yake ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inabeba mwenza na wategemezi wanne, sisi nyumba nzima tuko kwenye kadi ya baba. Hii watu wanaipuuza kwenye hesabu. Ukilinganisha ofa mbili bila kuandika bima ya watoto kwenye karatasi bado hujalinganisha.

Safari na uhamisho

Serikalini ndio penye utulivu wote huo, na ndio penye uhamisho. Mume wangu alipata barua ya kwenda Tabora wa kwanza ana miaka mitano. Tukakaa miaka miwili hivyo, simu ya video kila usiku, mtoto akawa anaaga simu, "haya baba, zima." Kuna utaratibu wa kuomba kuhama kumfuata mwenza, cheti cha ndoa unaambatanisha, lakini mwenza akiwa amejiajiri kama mimi hoja yako inakuwa nyepesi, maana watakuuliza kwanini yeye asikufuate. Kwa mtu mwenye kazi isiyobebeka hili liulizwe kabla ya kuoana, natania, ila sio sana. Sasa yuko Dodoma, na toka treni ya SGR ianze kufika huko 2024 anakuja Ijumaa jioni anarudi Jumatatu alfajiri, jambo ambalo kwa basi lingekuwa adhabu. Wa wizarani wajue pia kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, siku hizo usimtegemee kwenye birthday ya mtu.

Kampuni ya mawakili safari zipo na zinakuja ghafla, kwenda kukagua nyaraka za mgodi, kikao cha Mahakama ya Rufani mkoani. Taasisi safari ni chache na vikao vya bodi vinajulikana toka mwanzo wa mwaka, kila robo. Mi nilikuwa nabandika tarehe za bodi kwenye friji pamoja na za mitihani ya mtoto, ndio miaka pekee sijakosa kikao cha wazazi hata kimoja.

Ofisi yako unachagua mwenyewe, ila chagua aina ya kesi. Mirathi, mikataba na ardhi unaweza kuishi nazo. Jinai simu inalia Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mtu kakamatwa, ndugu wanalia, na dhamana haisubiri wewe umalize kuogesha watoto. Nilifanya jinai mwaka mmoja nikaacha, wikiendi zangu zote zilikuwa kaunta ya polisi. Kesi za ndoa kule Kituo Jumuishi Temeke, kile cha mashauri ya familia, sio nzito kwa ratiba, nzito kwa moyo. Unasikiliza siku nzima watu wakigombania mtoto wa miaka minne, unarudi nyumbani mume kaacha kikombe kwenye kochi na wewe unamuangalia kama mdaiwa. Aliwahi kuniambia, "Mke wangu, hapa sio mahakama ya Kisutu." Toka hapo nikitoka Temeke napitia sokoni kwanza hata kama sina cha kununua.

Ubaya wa taasisi sasa, nisije nikaonekana nimelipwa

Miaka mitatu ya kupitia mikataba na kuandika mihtasari ya bodi, niliporudi mahakamani nilikuwa na kutu. Kumhoji shahidi mara ya kwanza magoti yalitetemeka, nilisahau hata mpangilio wa maswali, kijana aliyeapishwa miaka sita baada yangu alinichapa mchana kweupe. Na ndugu hawaelewi, shangazi ana kesi ya kiwanja anajua wewe ni mwanasheria, ukimwambia mkataba wako haukuruhusu anaona unaringa. Kama unajua moyo wako uko mahakamani, taasisi kaa kwa muda uliouhesabu, endelea kulipa TLS, chama chetu cha mawakili, na kuhudhuria mafunzo yao, na usiache kusoma hukumu mpya.

Kwahiyo kwa mdogo wangu mwenye mtoto wa miezi kumi nilimwambia taasisi, miaka mitatu au minne, mpaka mtoto aanze shule, hiyo robo ya mshahara ataifidia kwenye bima na nauli. Angekuwa na mama yake au dada yake anayekaa naye nyumba moja ningemwambia kampuni bila kufikiria mara mbili, kwasababu kule ndio utafundishwa kazi na hakuna sehemu nyingine utafundishwa hivyo. Serikalini kama mwenza wako kazi yake inabebeka. Ofisi yako mwenyewe, sio sasa, akiba ya miezi sita kwanza na wasomi wawili wa kudaiana nao siku.

Na nilimwambia kabla hajasaini awaulize wote wawili maswali matatu, kwa imeli sio kwa mdomo. Nikiwa sipo, faili langu anashika nani, jina. Safari au kikao cha mwisho watu waliambiwa siku ngapi kabla. Na mwanamke wa mwisho aliyekwenda likizo ya uzazi hapo, alirudi kwenye nafasi yake?

Taasisi wamemjibu yote siku hiyohiyo. Kampuni wamesema watampigia, leo ni siku ya tisa.